Rais awe na Mshauri Mkuu wa Teknolojia? Baraza letu la Ngamiani limegawanyika, njooni mtuamue

Mzee Kahawa Chungu #1

Wakuu, habari za jioni.

Hapa Ngamiani, Tanga mjini, tuna baraza la kahawa. Baada ya Alasiri tunakutana watu sita, saba, na mwenye kashata akipita tunakuwa kumi. Juzi tulianza na Coastal Union, tukahamia bandari, tukaangukia mifumo ya Serikali, na adhana ya Magharibi ikatukuta bado tunabishana. Kijana mmoja akaniambia, "Mzee, lete huku." Nimeleta.

Kisa chenyewe ni hiki. Nilikwenda ofisi moja ya umma kufuatilia kiwanja cha marehemu kaka yangu. Wakataka namba ya NIDA, nikatoa. Wakataka nakala ya kitambulisho, nikatoa. Wakataka na cheti cha kuzaliwa. Nikamuuliza yule binti, mwanangu, hiyo NIDA niliipata kwa cheti hichohicho, si ufungue humo unione? Akacheka kwa adabu: "Babu, mfumo wetu na ule havisomani." Kesho yake nikaja na cheti. Mfumo uko chini. Keshokutwa uko chini. Siku ya nne ukapanda, yule binti akawa likizo na nywila anayo yeye.

Sasa mimi ni mhasibu mstaafu wa Serikali. Nimeingia kazini 1981, wakati huo tunajumlisha kwa mashine ya mkono, na wakubwa zangu walikuwa bado wanasimulia habari ya kompyuta ya Hazina. Vijana wengi hamuijui. Nchi hii ilikuwa na kompyuta serikalini tangu miaka ya 1960. Hesabu za Serikali zikatiwa humo, zikavurugika, wenye kuielewa mashine wakiwa wageni wa mikataba. Mwaka 1974 Serikali ikafunga mlango: kompyuta marufuku kuingizwa nchini. Ikaja kulegezwa baadaye, lakini tulikuwa tumeshachelewa.

Watu wakiisimulia hucheka, kwamba eti wazee waliogopa mashine. Mimi sicheki. Ninachojiuliza ni nani alikaa karibu na mkubwa akamwambia, "Mzee, mashine haina kosa, kosa ni namna tulivyoinunua na nani tumemkabidhi." Inaelekea hakuwepo. Basi ikanunuliwa kwa kuamini na ikafukuzwa kwa hasira.

Marekani, Obama alipoingia 2009 aliweka Afisa Mkuu wa Teknolojia wa nchi nzima, wa kwanza akiwa Aneesh Chopra. Kenya jirani hapo wana mjumbe maalumu wa Rais wa teknolojia tangu 2023. Sisi tuna washauri wa uchumi, wa siasa, wa kila kitu. Hoja yangu: awepo Mshauri Mkuu wa Teknolojia, akae Ikulu, asiwe wa wizara yoyote.

Nawasilisha.

Fundi Waya #2

Ngoja waje wajuzi. Nimekaa siti ya mbele na kashata yangu.

Mbishi wa Makorora #3

Mzee, shikamoo. Naheshimu mvi zako ila hoja siiungi mkono.

Hebu tuhesabu. COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, ipo kwa sheria ya mwaka 1986, na sheria hiyohiyo inasema ndiyo chombo kikuu cha kuishauri Serikali mambo ya sayansi na teknolojia. Maana yake mshauri mkuu unayemtafuta alishazaliwa, ana umri wa baba wa watoto watatu. TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, ipo tangu 2003. Wakala ya Serikali Mtandao ilianza 2012, sheria ya 2019 ikaipandisha ikawa Mamlaka. Tume ya TEHAMA, 2015. Sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi, 2022, nayo ikazaa tume yake. Nyumba imejaa wake wenza, wewe unaleta mwingine na unampa chumba cha mbele!

Ugonjwa wetu ni huu: tukikwama tunaunda ofisi. Ofisi inataka gari, gari linataka dereva, dereva anataka posho ya safari ya Dodoma. Mwisho wa mwaka mshauri ameshauri kongamano.

Na mfano wa kazi iliyofanikiwa tunao wenyewe. Kontroo namba imeanza 2017. Leo unalipa ankara ya maji umelala kitandani. Hakukuwa na mshauri wa Ikulu pale.

Mzee Kahawa Chungu #4

Marahaba mwanangu. Umehesabu vizuri, sasa endelea kuhesabu: kila mmoja analala nyumba gani?

COSTECH iko chini ya wizara ya elimu. Tume ya TEHAMA na TCRA ziko wizara ya mawasiliano. Mamlaka ya Serikali Mtandao iko Ofisi ya Rais, Utumishi. NIDA iko Mambo ya Ndani. Mimi nimefanya kazi serikalini miaka 30 na ushei. Barua kutoka wizara moja kwenda nyingine ni safari ya mkokoteni: inaandikwa, inapelekwa masijala, inaombewa maoni, inarudi. Wote hao ni washauri, ila kila mmoja anamshauri baba yake.

Na hiyo kontroo namba umenipa silaha mwenyewe. Ilifanikiwa kwa sababu mwenye mfumo ndiye mwenye mfuko. Hazina ikisema fedha ya umma ipite hapa, taasisi itakataa kwa ubavu gani? Sasa niambie, kwenye kiwanja cha kaka yangu nani ana mfuko?

Mbishi wa Makorora #5

Katibu Mkuu Kiongozi yupo. Ndiye anawaita wote hao mezani. Tusijifanye hatumuoni.

Wakala wa Gatini #6

Nimesoma uzi huu nikiwa nje ya ofisi, nasubiri skrini ifunguke tangu saa tatu asubuhi. Kwa hiyo nina muda.

Mimi natoa mizigo bandari ya Tanga. Wenyeji mnakumbuka zamani: meli inatia nanga kule mbali, mzigo unashushwa kwenye matishari, unaletwa ufukweni, unashushwa tena. Kazi moja mara mbili. Serikali ikachimba, kina kikafika mita 13, gati likajengwa mita 450, sasa meli inakuja inafunga hapahapa. Sifa wapewe, mimi mwenyewe nilisimama nikaangalia meli ya kwanza nikasahau kula.

Lakini bahari tumechimba, karatasi bado ziko kwenye matishari. Mzigo mmoja unapita kwa mabwana wengi: wa kodi, wa viwango, wa dawa na kemikali, wa mimea, wa bandari yenyewe. Wamejitahidi kuwaunganisha, zamani ilikuwa mbaya zaidi, nisiwe mnafiki. Ila siku kinapokwama, huyu anasema tatizo liko upande wa pili, wa upande wa pili anasema sisi tumeshatuma. Mwenye mzigo analipa gharama za kuhifadhi.

Sasa sikilizeni kitu kimoja ambacho huwa nakiwaza nikiwa nimekaa hivi. Yule aliyechimba bahari alilipwa vipi? Walikuja na vipimo wakapima kina. Ni mita 13 au si 13. Ikiwa 11, hulipwi. Mfumo je? Mfumo unapimwa kwa uzinduzi. Mgeni rasmi akibonyeza kitufe, picha zikapigwa, mkandarasi kalipwa.

Mzee, mshauri wako atapima kina? Kama anapima, mimi namchagua leo. Kama atakuja kukata utepe, tunao wa kutosha.

Fundi Waya #7

Hapo kwenye utepe nimemwaga kahawa.

Msomi wa Raskazone #8

Mleta mada ametaja Marekani ya 2009, ila ameishia mlangoni. Ingia ndani uone.

Tarehe 1 Oktoba 2013 walifungua tovuti ya bima ya afya, healthcare.gov, mradi ambao urais wa Obama mzima uliuegemea. Ikaanguka siku hiyohiyo. Waliofanikiwa kujisajili mpaka mwisho siku ya kwanza walikuwa watu 6. Sita, si elfu sita. Na wakati huo Afisa Mkuu wa Teknolojia yupo, Todd Park, mtu mwerevu sana, ofisi yake iko chini ya paa la Rais.

Kwa nini basi? Tovuti ilijengwa na idara nyingine, chini, kwa makandarasi zaidi ya 50, na hakuna mmoja aliyebeba jukumu la kitu kizima. Mshauri alikuwa juu, mikataba ilikuwa chini, na baina yao hapakuwa na ngazi. Kilichookoa ni kikosi kidogo cha wahandisi walioitwa kutoka kampuni binafsi, wakakaa na mafundi usiku na mchana, wakauliza maswali ya kitoto: tunajuaje kama tovuti iko hewani? Ikaonekana hata hilo hawakuwa na njia nzuri ya kulijua. Mwaka uliofuata, 2014, ndipo wakaunda kitengo cha kudumu cha mafundi wa aina hiyo, na aliyepewa kukiongoza, Mikey Dickerson, alitoka kwenye kikosi kilekile.

Mfano wa pili, New Zealand. Walitaka nafasi hiihii unayoitaka, Mzee. Tangazo la kwanza hawakupata wa kumteua. Duru ya pili, 2018, wakampata mfanyabiashara, Derek Handley. Ikaja kufichuka kwamba waziri wa mambo ya dijitali, Clare Curran, alikutana naye pembeni na mkutano haukuandikwa panapostahili. Waziri akaondolewa kwenye baraza la mawaziri, kisha akajiuzulu uwaziri kabisa. Handley akafutiwa ofa kabla hajaanza kazi, akalipwa fidia kama dola 100,000 za kwao. Nafasi ikasimamishwa.

Mzee Kahawa Chungu #9

Kwa hiyo mshauri kalipwa, na hakushauri?

Msomi wa Raskazone #10

Ndiyo Mzee. Hata kalamu hakuishika.

Mbishi wa Makorora #11

Huyo angalau hakutuomba gari.

Binti Pangani #12

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mwanasheria, niseme upande wangu kidogo.

Kuunda nafasi hii hakuhitaji Bunge. Ibara ya 36 ya Katiba inampa Rais mamlaka ya kuanzisha na kufuta nafasi za madaraka serikalini. Anaweza kuianzisha Jumatatu na kuifuta Ijumaa. Ibara inayofuata, ya 37, ndiyo inayofurahisha: Rais hafungwi na ushauri wa mtu yeyote, isipokuwa pale Katiba au sheria inaposema lazima aufuate. Kwa hiyo mshauri wa Mzee Kahawa, hata awe bingwa wa dunia, ushauri wake kisheria ni maneno ya barazani. Kahawa tu ndiyo tofauti.

Sisemi asiwepo. Uingereza wana Mshauri Mkuu wa Sayansi tangu 1964 na anasikilizwa bila amri yoyote. Lakini hakuachwa peke yake: wizara nyingi nazo zina mshauri wake, wanakutana, wanajuana. Neno likitoka juu linapokelewa chini na mtu anayelielewa.

Kama mnataka awe na meno, meno hayawi kwenye barua ya uteuzi. Yatiwe kwenye sheria ya ununuzi na kanuni zake. Tayari taasisi zinatakiwa kupeleka maandiko ya miradi ya TEHAMA kwa Mamlaka ya Serikali Mtandao kabla ya kuanza. Mlango wa kuingilia una mlinzi. Anachosema kaka wa Gatini ni kwamba mlango wa kutokea, pale pa kulipa, hauna.

Nesi wa Zamu #13

Mnaongea mambo ya Ikulu, mimi niwaletee ya wodini. Sitaji kituo.

Mtoto akija kliniki namwandika kwenye kitabu cha MTUHA, yale madaftari ya takwimu za afya. Halafu namwingiza kwenye mfumo wa kituo. Halafu kama ana tatizo fulani, kuna mradi wake, una kishikwambi chake, namwingiza tena. Tatizo la pili, mradi wa pili, kishikwambi cha pili. Jina moja, mama mmoja, mara nne. Foleni inafika nje kwenye mwembe. Halafu mkaguzi anakuja anauliza mbona takwimu hazilingani! Zitalinganaje, baba, na mimi mara ya nne nimechoka nimeandika Mwanahamisi badala ya Mwanaisha?

Na mradi ukiisha, wenyewe wanaondoka. Si mnasema Tanga waja leo waondoka leo? Kishikwambi kinabaki droo ya chini. Ninavyo vitatu. Kimoja mtoto wa mlinzi anachezea.

Hivyo vitu hakuna aliyetangaza zabuni. Ni msaada. Nani atakataa msaada? Mganga mkuu hawezi, mkurugenzi hawezi. Huyo mshauri wenu akiweza kumwambia mfadhili "asante, ila usilete mfumo wako, leta fedha uongezee huu wetu," nitamfanyia maulidi.

Fundi Waya #14

Dada, hivyo vishikwambi vitatu nitafute. Natania. (Sitanii.)

Mkonge Mkavu #15

Nimepita tu, ila kwa vile tuko Tanga nikumbushe kitu. Ushauri wa kitaalamu kwa Serikali haukuanza na kompyuta. Mjerumani alijenga kituo cha utafiti Amani, juu kule Usambara, mwaka 1902. Wanasayansi wa mimea na udongo, maktaba, mashamba ya majaribio. Na kabla ya hapo, 1893, Richard Hindorf alileta miche 1,000 ya mkonge, ikafika hai 62. Kutokana na hiyo 62 ndiyo mashamba yote mnayoyaona ukitoka Muheza mpaka Korogwe.

Kwa hiyo ushauri ulikuwepo, tena mzuri. Lakini ulikuwa unajibu swali la Berlin: shamba la mlowezi litoe nini? Mlima mahindi wa Bumbuli hakuwa na swali mezani. Mshauri atajibu maswali ya yule anayempa chai. Ndio maana kisa cha Nesi kimenigusa kuliko cha Ikulu.

Msomi wa Raskazone #16

Mkonge, umenikumbusha India. Mwaka 2009 walimchukua Nandan Nilekani, mmoja wa waasisi wa Infosys, kampuni kubwa ya programu za kompyuta, wakampa hadhi ya waziri na kazi moja tu: kila Mhindi awe na namba. Namba ikapatikana, watu zaidi ya bilioni. Ila 2018 Mahakama ya Juu ikabidi iingilie, ikazuia kampuni binafsi kuidai namba hiyo kwa wateja. Mtaalamu akipewa nguvu anakimbia kweli, lakini breki huwa haiko kwenye gari lake.

Na tofauti na Washington ya 2013: Nilekani hakuitwa mshauri. Alipewa kazi ya kufanya.

Mbishi wa Makorora #17

Sasa hapo mmeanza kunipata. Mimi sikuwa napinga mtu, napinga cheo. Lakini swali langu halijajibiwa: anatoka wapi? Akitoka kampuni ya simu atapendelea kampuni ya simu. Akitoka chuo kikuu atatuandikia kitabu. Akitoka ndani ya Serikali anamuogopa aliyekuwa bosi wake. Na akiwa mtoto wa mtu, basi tena.

Mzee Kahawa Chungu #18

Nimesoma yote, mengine nimesomewa na mjukuu maana maandishi ya simu hii ni madogo.

Nikiri kitu. Nilipoandika #1 nilikuwa na picha ya mtu mwenye suti anayemnong'oneza mkubwa sikioni. Wakala wa Gatini kaniharibia picha hiyo. Nimekumbuka nilivyokaa kwenye kamati ya mapokezi. Saruji ikija tunahesabu mifuko, tunapasua mmoja tuone haujaganda. Viti vikija tunavikalia. Mwaka fulani ukaja mfumo wa mishahara wa taasisi fulani, na kompyuta 40. Tukahesabu maboksi. Arobaini, sawa. Mfumo wenyewe wakatuonyesha ukutani, rangi ya bluu, ukafunguka ukajifunga. Tukatia sahihi. Mimi nilitia sahihi, kwa kalamu yangu hii. Miezi mitatu baadaye tulirudi kwenye daftari, na mwenye kampuni simu yake haipatikani.

Hakuna aliyetuibia pale. Hatukujua kukalia kile kiti.

Kwa hiyo nimebadili hoja yangu. Akae Ikulu, akae Dodoma, akae hata Handeni, sitagombana tena kuhusu kiti. Nataka malipo ya mwisho ya mfumo wowote mkubwa yasitoke mpaka yeye na vijana wake, mafundi kweli, wawe wameukalia: wamemchukua mzee kama mimi, wamemweka dirishani, wameona anahudumiwa bila cheti cha mara ya pili. Wameuzima umeme waone unapanda vipi. Nesi aseme ameandika jina mara moja. Ripoti yao ibandikwe wazi mtu yeyote asome, na misaada ya wafadhili ipite njia hiyohiyo. Hapo hata akitoka kampuni ya simu, Mbishi, utamuona anapopinda.

Na Binti Pangani, nisaidie kuliandika hili kwa lugha ya kanuni. Kahawa juu yangu.

Binti Pangani #19

Nitaandika, Mzee. Tatizo moja nalitaja mapema: Afisa Masuuli wa kila taasisi ndiye mwenye dhamana ya malipo yake kisheria. Ukimpa mtu mwingine nguvu ya kuzuia, siku mradi ukichelewa kila mmoja atamsukumia mwenzake, kama skrini za kaka wa Gatini. Itabidi iandikwe kwamba akikaa na ripoti zaidi ya siku kadhaa bila jibu, jina lake ndilo litakaloandikwa kwenye hoja ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za Serikali.

Mbishi wa Makorora #20

Siku 14. Na bila gari.

Mzee Kahawa Chungu #21

Baiskeli?

Mbishi wa Makorora #22

Baiskeli sawa.

Wakala wa Gatini #23

Wakuu, skrini imefunguka. Nakimbia kabla haijajifunga. Mzee, kahawa yangu niwekeeni.